Kila mtu ananijibu "huduma nzuri", halafu jioni namkuta dukani ananunua dawa. Nimeuliza vibaya wapi?

binti_wa_kambi

Habarini wakubwa kwa wadogo. Naombeni msaada kabla sijarudi Mbarara kwa supavaiza wangu anichambue kama karanga. Nasoma shahada ya pili ya afya ya jamii, niko fildi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale hapa Uganda wiki ya tatu sasa, utafiti wangu ni nani anafika kwenye matibabu na nani hafiki, wakimbizi na wenyeji wote pamoja maana huku Isingiro wanatibiwa kituo kimoja, laini moja. Kiswahili ninacho, nimelelewa kambini (kambi ya jeshi sio ya wakimbizi, mzee alikuwa askari) kwa hiyo na Wakongo naongea mwenyewe, Warundi na Wanyarwanda natembea na mkalimani, Runyankore, lugha ya wenyeji, naiweza ya sokoni tu.

Sasa shida iko hapa. Fomu yangu inauliza "unaridhika kiasi gani na huduma za kituo cha afya", majibu matano toka mbaya sana mpaka nzuri sana. Halafu inauliza "mara ya mwisho mtoto wako kuugua mlienda wapi". Fomu za majaribio karibu zote zimerudi nzuri au nzuri sana, na karibu wote walienda kituo cha afya. Nikafurahi mwenyewe, nikasema kumbe mambo sio mabaya hivo.

Juzi jioni nimetoka kununua bando, hapo jirani kuna duka la dawa lenye nondo dirishani, namkuta mama niliyemhoji asubuhi ileile. Mtoto mgongoni anachemka, macho mekundu, mama amepitisha mkono kwenye nondo na noti ya elfu tano, anahesabiwa vidonge vinafungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari la shule. Akaniona. Akacheka kidogo akaangalia chini. Mi pia nikaangalia chini jamani, sikujua niseme nini.

Kituo kiko kama saa moja kwa mguu na ni BURE. Sasa naomba kuuliza, huyu mama alinidanganya ama swali langu ndo bovu? Na nikibadilisha nibadilishe vipi? Na supavaiza anataka mwisho niweke mapendekezo ya sera, sitaki kuandika "serikali iongeze dawa" kama kila mtu, hiyo imeandikwa tangu sijazaliwa.

VHT_wa_Masisi

Dada karibu Nakivale. Mimi ni VHT huku (mhudumu wa afya wa kijiji), Mkongo, nimefika 2012, hii kazi naifanya sijui mwaka wa ngapi. Nikwambie tu ukweli, hakukudanganya. Alikujibu WEWE.

Jiangalie ulivyokuja. Umevaa kitambulisho shingoni, umebeba tableti, labda umekuja na mwenyekiti wa kijiji ama na VHT kama mimi. Huku mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni ni OPM (ofisi ya waziri mkuu, ndo inasimamia wakimbizi) ama ni UN ama ni shirika, hata kama ni mwanafunzi anayekula chapati moja kwa siku. Na mtu mwenye kitambulisho anaandika, na kinachoandikwa mtu anaogopa kinaingia kwenye faili lake, na faili ndo linaamua kama siku moja ataitwa kupelekwa Kanada ama Marekani. Unaweza kumweleza mara kumi kwamba hakuna uhusiano, ataitikia ndiyo ndiyo. Sasa huyo umuulize huduma ikoje, atasema mbaya? Yeye ni mgeni kwenye nchi ya watu, mgeni hasemi chakula hakina chumvi.

Halafu hilo swali la pili, "mlienda wapi". Dada, hilo ni swali la mtihani na jibu lake ni sisi VHT tumewafundisha. Kila nikipita nyumba kwa nyumba naimba, mtoto akichemka apelekwe ndani ya saa 24, usimpe dawa ya dukani bila kupima. Miaka yote naimba. Sasa unakuja na tableti unauliza ulimpeleka wapi, atajibu nini kama sio nilichomwimbia? Umepima kama nimefundisha vizuri, hujapima anafanya nini.

Sasa kwa nini dukani. Wewe umeandika BURE kwa herufi kubwa, mi nakuhesabia hiyo bure. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anatembea na mtoto mgongoni, anakuta watu wameshaweka mawe kwenye laini tangu usiku (ndiyo, jiwe ndo linakushikia nafasi, na mawe yanagombaniwa). Anaandikishwa. Anasubiri kupimwa. Anasubiri majibu. Saa nane mchana musawo (daktari wa kituo) anamwambia ni malaria, lakini dawa ya mtoto imeisha, jaribu kununua nje. Anarudi jioni. Siku hiyo hakulima, hakwenda kibarua kwa shamba la mwenyeji, watoto wengine walishinda kwa jirani. Dukani ni dakika tano, na mwenye duka anamkopesha. Huyo mama sio mjinga, amepiga hesabu kabla yako.

Na mimi nikiwa na vifaa, kile kipimo cha kutoboa kidole na dawa za watoto, wanakuja kwangu hata saa sita usiku, duka linakosa wateja. Stoki ikikatika kwangu, duka linajaa. Sihitaji tableti kujua dawa zimeisha, naangalia pale kwenye nondo.

Kingine, usitembee na mimi wala na VHT yeyote ukihoji. Nani atasema mbele yangu kwamba hakunifuata?

boda_kabingo

Na sisi wenyeji je? Kila utafiti ni mkimbizi mkimbizi. Tunaambiwa kila mradi wa wakimbizi sehemu ya wenyeji ni 30 kwa 70, mi hiyo 30 naisikia mikutanoni tu.

Binti nikuambie kitu, ukitaka kujua nani hakufika hospitali usiulize waliofika. Njoo steji utuulize sisi boda. Mimi ndo napigiwa simu saa nane usiku mama ana uchungu, mimi ndo nasema bei, na nasema ukweli wangu, usiku naongeza. Barabara ya changarawe, mvua, mafuta juu, na nikianguka na mjamzito nani atanielewa. Wakishindwa bei nakata simu nalala. Asubuhi nasikia alizalia nyumbani, wakati mwingine nasikia mabaya. Hayo kwenye fomu yako yako wapi?

Na ambulansi usinitajie. Niliwahi kukuta moja imepaki tayari, dereva yupo, ndugu wa mgonjwa wanaambiwa wachange mafuta kwanza. Wakanipigia mimi.

takwimu_256

Mada tamu hii. VHT na boda wamekumalizia nusu ya sura ya nne ya tasnifu yako bila kulipwa, ujue hilo.

Mi ni mtu wa data, nimefanya mahojiano ya nyumba kwa nyumba miaka kadhaa, Karamoja, West Nile, huko kwenu pia. Neno "umeridhika" litoe kabisa ama liweke mwisho kama pambo. Mtu anaridhika kulingana na alichotegemea, asiyetegemea kitu anaridhika na chochote. Badala yake chukua ugonjwa MMOJA, wa mwisho, wa mtoto mmoja, umsimulishe toka dakika ya kwanza. Ulijuaje anaumwa? Ilikuwa saa ngapi, siku gani, ya soko ama ya kanisa? Ulifanya nini kwanza? Halafu? Halafu? Kila hatua uliza tatu tu, nani aliamua, mlitumia shilingi ngapi, mlisubiri muda gani. Usimtajie kituo cha afya mpaka akitaje mwenyewe. Kama alipita kwa duka la dawa, kwa mganga, kwa mchungaji, kwa jirani mwenye Panadol, yote yatatoka, maana anasimulia hadithi, hajibu mtihani.

Kuna mfumo wa zamani wa Thaddeus na Maine, 1994, wa kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Waliutengenezea vifo vya uzazi lakini unakaa hata kwenye homa ya mtoto. Angalia uone, yule mama aliyemsimulia VHT amechelewa ya tatu, na kwa sababu aliwahi kuchelewa ya tatu, mara ijayo ataanza na ya kwanza, yaani ataamua asiende. Zinalishana. Watu wengi wanaziandika kama masanduku matatu wanapiga hesabu kila moja peke yake, hapo ndo wanapotea.

Boda amesema jambo la sampuli hata kama hajui anaitwaje huko. Ukihoji mlangoni mwa kituo unahoji waliofaulu kufika. Wewe angalau umeenda majumbani, vizuri, lakini ongeza waliokosa.

Kuhusu kuridhika ngoja nikupe stori ya hapahapa Uganda. Watafiti Björkman na Svensson walitoa karatasi ya utafiti 2009, vituo 50 wilaya 9, nusu ya vijiji wanakijiji wakapewa ripoti ya kituo chao wakakaa kikao na wahudumu wakaandika makubaliano. Vifo vya watoto chini ya miaka 5 vikaripotiwa kushuka kwa 33%. Dunia nzima ikashangilia, kila mradi ukaweka vikao vya jamii. Baadaye Raffler, Posner na Parkerson wakarudia kwa ukubwa, vituo 376 wilaya 16. Wakapata nini? Ubora wa matibabu ulipanda kidogo, na KURIDHIKA kwa wagonjwa kulipanda kidogo. Watu kwenda kituoni hakukubadilika, na vifo vya watoto havikushuka. Ungekuwa umepima kuridhika peke yake ungeandika "mradi umefaulu" ukala keki.

Sisemi vikao ni vibaya. Nasema ukifika kwenye mapendekezo usikimbilie "jamii ishirikishwe" ukidhani hiyo ndo mpya, ina historia yake.

La mwisho na ni muhimu, ukibadilisha fomu usianze kuitumia kesho. Inarudi kwanza kamati ya maadili iliyokupitisha, wanakupa kibali cha mabadiliko. Kibali cha Baraza la Sayansi na Teknolojia unacho? Barua ya OPM ya kuingia makazini? Nimeona mtu data ya miezi minne inakataliwa kwa kitu kidogo hivo.

musawo_mstaafu

Mimi nilikaa upande wa pili wa hiyo laini ya kituo mnayoisema, miaka zaidi ya thelathini, klinikolo ofisa (tabibu), sasa nafuga mbuzi. Niruhusuni mzee kidogo.

Vijana wengi hamkumbuki kwamba vituo vya serikali vilikuwa vinalipisha. Hela kidogo, lakini mama akija na shilingi pungufu ulikuwa unamrudisha, nimewarudisha, na kuna nyuso bado naziona. 2001, wakati wa uchaguzi, malipo yakafutwa. Wiki ile kituo kilifurika kama siku ya soko, watu walitoka vijiji ambavyo sikuwahi kuona mgonjwa wake hata mmoja. Na tafiti zilithibitisha, waliofaidika zaidi kwa kuja walikuwa maskini. Hiyo ilikuwa sera nzuri na nitaitetea.

Lakini mtafiti Ke Xu na wenzake waliangalia matumizi ya majumbani kabla na baada, wakatoa 2006, wakakuta kwa wale maskini kabisa mzigo wa gharama kubwa haukushuka. Ninajua kwa nini, sihitaji hesabu. Ile hela ndogo tuliyokuwa tunakusanya ndo tuliyokuwa tunanunulia dawa zikikatika katikati ya mwezi, tunaongezea na posho ya mfagiaji. Ilipoondoka, wagonjwa wameongezeka, dawa zinaisha mapema, mimi naandika kwenye kikaratasi "nunua nje". Nimeandika hivyo vikaratasi mpaka vidole vinauma. Mgonjwa hakulipa kwangu, alilipa barabara ya pili, bei ya mwenye duka. Kufuta ada ni jambo moja, kufuta gharama ni lingine.

Na jinsi dawa zinavyokuja nayo muielewe. Hospitali na HC IV (kituo cha afya cha ngazi ya nne) wanaagiza wenyewe kutoka National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali. HC II na HC III, ngazi za chini, tulikuwa tunaletewa kisanduku kilichopangwa huko juu, kila miezi miwili. Kinakuja na vitu ambavyo hujaomba vinakaa mpaka vinaharibika, na Coartem ya watoto, dawa ya malaria, inaisha kabla mwezi haujafika nusu. Sasa weka kituo kama hicho kwenye makazi ya wakimbizi, idadi ya watu inapanda kila basi likifika kutoka mpakani. Mashirika yalikuwa yanaongezea. Tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake mnajua wenyewe hali ilivyo.

Kwa hiyo binti, kama unatafuta pendekezo la sera, usiandike "ziongezwe dawa". Andika ni dawa GANI zilikwisha siku GANI ya mzunguko. Kila kituo kina kadi za stoki, kila dawa na kadi yake, inaandikwa ilipoingia na ilipofika sifuri. Omba ruhusa kwa incharji (mkuu wa kituo) uzinakili. Halafu ziweke juu ya safari za wale kina mama. Afisa afya wa wilaya hawezi kukujibu "tunajitahidi" ukimwonyesha kwamba tarehe fulani dawa ya mtoto ilifika sifuri na tangu tarehe hiyo kila nyumba ilianzia dukani.

Ndugu boda, nimekusoma. 2012 mpaka 2017 kulikuwa na mradi wa uzazi salama ulioanzia Kabarole, Kyenjojo, Kamwenge na Kibaale, moja ya mambo yao ilikuwa vocha, mama anakupa kikaratasi cha safari wewe unaenda kulipwa. Vifo vya kina mama vilishuka sana kule, japo walifanya mengi kwa pamoja huwezi kusema ni vocha peke yake. Mradi ulipoisha hela zikaisha. Lakini mlijua kubeba mama usiku bila kuongeza bei, kwa hiyo inawezekana!

boda_kabingo

Mzee hiyo vocha ilete huku hata kesho. Mimi sina roho mbaya, nina mkopo wa pikipiki.

kijana_new_congo

Mtanisamehe lakini mi nimechoka. Tangu nifike hapa nimehojiwa sijui mara saba. Njaa, maji, corona, akili, vijana, tena maji. Nilipata sabuni mara moja na soda mara moja. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuniambia "tuliwahoji, tumepata hivi". Mnapata digrii mnaenda. Sasa mnajadili namna ya kutuuliza vizuri zaidi ili tuseme zaidi. Haya, tukishasema?

binti_wa_kambi

@kijana_new_congo sina jibu zuri kwa hili na sitaki kukutungia. Ninachoweza ni kidogo, nitarudi kuwasomea majibu kabla sijapeleka kwa chuo, na nitaomba kituo kiitishe kikao nisome mbele ya incharji. Kama nisiporudi nitaje humu kwa jina hili.

VHT_wa_Masisi

Kijana ana haki. Nami nimewapeleka watafiti nyumba kwa nyumba miaka yote, wakiondoka mimi ndo naulizwa "wale watu wako wamesemaje".

takwimu_256

Nami namuunga mkono kijana, na hiyo ya kurudi kuwasomea iandike kwenye barua yako ya kamati ya maadili iwe ahadi ya karatasi, sio ya mdomo. Ikiwa kwenye karatasi mtu anaweza kukudai.

binti_wa_kambi

Narudi na mrejesho, siku tano baadaye. Barua ya mabadiliko nimeshatuma kamati, nasubiri, kwa hiyo ninayoandika hapa SIO data. Nilienda kwa yule mama bila tableti, bila kitambulisho, nimebeba sukari kilo moja, nikamwomba msamaha kwa kumkodolea macho dukani. Amenikubalia nisimulie humu bila jina wala kijiji. Tulikaa nje anachambua maharage mi namsaidia, nikasema tu mama niambie, toka mtoto alipoanza kuchemka.

Jumapili usiku ilianza. Alimpangusa na kitambaa cha maji, jirani akampa Panadol nusu kidonge. Jumatatu asubuhi ndo nilipofika mimi na fomu yangu, mtoto alikuwa amelala ndani ANAUMWA na mimi nauliza maswali nje mlangoni, sikujua, hakusema, mimi ni mgeni mwenye haraka. Jioni dukani, elfu tano, vidonge vya siku tatu bila kipimo. Jumanne mtoto akaonekana nafuu, mama akaenda kibarua. Jumatano usiku moto ukarudi na mtoto akaanza kustuka (degedege). Alhamisi alfajiri hakuweza kumbeba kwa mguu, akachukua boda elfu nne (@boda_kabingo sijui kama ni wewe), alifika kituoni akapimwa, malaria. Na dawa ya mtoto? Nunua nje. Elfu nane. Na kibarua siku mbili hakwenda, elfu tano tano. Nikajumlisha kwa kalamu kwenye kiganja, 27,000. Kwa matibabu ya bure. Alilipa kwa kuuza mahindi aliyokuwa ameweka ya mwezi huu. Mtoto amepona, alikuwa anakimbiza kuku wakati tunaongea.

Nikamuuliza sasa mama, ile Jumatatu nilipokuuliza mara ya mwisho mlienda wapi, ulisema kituo. Akanishangaa kabisa. Akasema ulikuwa unauliza ya mwezi uliopita, na mwezi uliopita nilienda kituo, si nilifika? Siku ya ngapi mama? Ya nne. Ni vilevile kila mara.

Kwa hiyo alisema kweli tupu. Fomu yangu haikuwa na mahali pa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, basi.

Na ile "nzuri sana" nayo nikaiulizia. Akasema yule nesi wa zamu ni mzuri sana, ananisalimia kwa Kiswahili, ananiita mama fulani kwa jina la mtoto. Kukosa dawa sio kosa lake. Mimi kwenye tableti yangu nilikuwa nimeandika hiyo kama "kuridhika na huduma".

musawo_mstaafu

Siku ya nne ndo tulikuwa tunawapokea wanastuka, na sisi tunawagombeza, "mama ulikuwa wapi siku zote". Nimegombeza wengi.

VHT_wa_Masisi

Dada kitu kimoja nilisahau. Yule mwenye duka la nondo ana daftari la madeni, jekundu, liko chini ya kaunta. Anaandika jina la mama, tarehe, dawa, pesa iliyobaki. Mwaka mzima uko mle. Mzee hapo juu anakwambia kadi za stoki za kituo, na mi nakwambia ziweke kando ya lile daftari.

takwimu_256

Uwiii. Hiyo ni dhahabu. Lakini majina USINAKILI, wala usipige picha, mwombe mwenye duka mwenyewe akusomee tarehe na dawa tu wewe uandike. Na iingize kwenye barua ileile ya kamati kabla hawajajibu, usiwatumie mbili.

binti_wa_kambi

Nimeshaandika, nimetuma tena saa hii kwa bando la mwisho. Nimepita dukani kujitambulisha, hajakataa, ameuliza tu kama nitakuja na watu wa kodi.